Watoto wa Mkondo D: Maisha ya Mama Asilimia

Milioni mbili na nusu ya bodi ya shule, mwenyekiti, nimeshairudisha mkononi mwa mhasibu wenu aliyekaa mstari wa tatu, bahasha haijafunguliwa, kwa hiyo usininyooshee kidole wala usinioneshe saa, fedha hiyo ilikuja na sharti, kwamba sehemu ya kazi katika historia ya marehemu isomwe kama mlivyoichapa ninyi, na sisi tumelikataa sharti, na mtu akikataa sharti hali kilicholetwa nalo.

Ndugu zangu wafiwa, majirani, walimu, wanafunzi, na ninyi nyote mliofika kutoka mbali na karibu, mnisamehe kuanza na neno la fedha mbele ya jeneza la mdogo wangu, haikuwa nia yangu, nilikuja hapa mbele na karatasi yangu imekunjwa vizuri na koti nimeazima, lakini nimevutwa shati pale ngazini nikaambiwa, "Fundi, soma ile yetu, hiyo yako ina maneno makali," nami sikuzoea kuvutwa shati. Mimi ni kaka yake marehemu, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, wengi wenu mnanijua kwa hasira zangu kuliko kwa mageti yangu, darasani niliishia la tano, mengine nilijisomea kwa vitabu vya huyu aliyelala hapa, kila alipomaliza kitabu alinipa na kuniuliza maswali kana kwamba yeye ndiye mkubwa. Familia imekaa, shemeji yangu amesikiliza, wapwa zangu wamesikiliza, wote wamesema nisome yaliyo kweli, pamoja na kosa lake, maana mwenyewe aliagiza lisifichwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni mwaka 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya maghala ya nafaka, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba yetu, aliyekuwa mlinzi wa maghala hayo, na mama yetu, aliyekuwa akishona sare za shule kwa cherehani ya miguu iliyokaa mlangoni ili ipate mwanga. Mama alimshonea mgongoni, maana yake alimbeba huku akikanyaga cherehani kutwa nzima, ndiyo sababu baba alikuwa akisema kwamba mtoto huyu hapati usingizi mpaka pawe na kelele, basi huyu atakuwa mwalimu, na utani wa baba ukawa ndio riziki yake.

Alianza darasa la kwanza mwezi Januari mwaka 1979, katika shule ya msingi iliyo kando ya reli, na alipokuwa darasa la pili alishikwa na surua, akakaa nyumbani karibu muhula mzima, aliporudi, mwalimu wao, ambaye alikuwa na desturi ya kuwaketisha watoto kwa kufuata alama, wepesi mbele na wazito nyuma, akamweka dawati la mwisho kabisa, chini ya dirisha lisilo na kioo, akawa anapata tatu juu ya ishirini, nne juu ya ishirini, mpaka baba akaanza kusema labda cherehani inamtosha. Kisha siku moja mvua ikaingia kwa lile dirisha, watoto wa nyuma wote wakahamishiwa mbele, wakaketi sakafuni miguuni pa mwalimu, na jaribio la wiki ile mdogo wangu akapata kumi na saba. Kisa hiki amekisimulia kwa kila darasa alilowahi kufundisha, na kila mara alikifunga kwa maneno yaleyale, "Sikuongezewa akili, nilisogezewa ubao," hata walimu wenzake waliokuwa wamekwisha kuchoka nacho walimtangulia kuyasema kutoka mezani kwao, naye alicheka nao, lakini mwaka uliofuata alikisimulia tena.

Alimaliza elimu ya msingi mwaka 1985, akajiunga na sekondari ya wasichana mwezi Januari mwaka 1986, akamaliza kidato cha nne mwaka 1989 na kidato cha sita mwaka 1991, masomo ya hisabati na fizikia, kisha akasoma chuo cha ualimu kuanzia mwaka 1992 hadi 1994, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo akaripoti kituo chake cha kwanza cha kazi, shule ya bweni iliyo mbali na barabara, alikofundisha hadi mwaka 2002.

Hapa ningepaswa kuendelea na kazi, ndivyo historia hizi zinavyosomwa, lakini nitaanza na ndoa, kwa kuwa kazi ndiyo iliyoleta maneno na sitaki shemeji yangu afikiwe nikiwa nimeshapandisha sauti.

Tarehe 14 Desemba mwaka 1996 marehemu alifunga ndoa na mwoka mikate, huyu aliyekaa mbele yenu na mikono yenye makovu ya tanuri, ambaye ndiye aliyekuwa akipeleka mikate pale shule ya bweni kila alfajiri, na uchumba wao ulianzia mlangoni mwa stoo, siku mdogo wangu alipokuwa zamu ya kupokea mikate, akamuuliza gunia moja la unga linatoa mikate mingapi, akamtajia, kisha akamuuliza na inayoungua je, na huyu bwana badala ya kujisifu akasema, "Mwalimu, leo imeungua kumi na mmoja, na mmoja nimeula njiani." Mdogo wangu alikuja nyumbani akatuambia amepata mtu anayetaja na iliyoungua, mama akasema mwanangu, hiyo si sifa ya mume, hiyo ni sifa ya karani wa stoo, lakini walikaa pamoja miaka ishirini na saba na sikuwahi kuitwa kusuluhisha hata mara moja, na mimi huitwa nyumba nyingi.

Walibarikiwa watoto watatu, kifungua mimba wa kike, aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba mwaka 1998, ambaye leo anafanya kazi maabara, wa pili wa kiume, aliyezaliwa tarehe 11 Machi mwaka 2002, ambaye yupo kwenye tanuri na baba yake, na kitinda mimba wa kike, aliyezaliwa tarehe 19 Aprili mwaka 2007, ambaye mwaka huu yuko kidato cha nne katika shule hii ya mama yake, mkondo D. Hilo la mkondo D naomba mlishike, nitalirudia.

Sasa kazi. Mwezi Januari mwaka 2003 marehemu alihamishiwa shule hii yetu ya sekondari ya kutwa, shule ya serikali, ambayo geti lake nimelichomelea mimi, na kama linalia si uchomeleaji, ni kwamba halitiwi mafuta. Mwaka 2009 aliteuliwa kuwa mwalimu wa taaluma, yaani yule anayepanga ratiba, mitihani na mikondo, na ndipo wanafunzi wakamwita Mama Asilimia, kwa sababu ukimuuliza habari za nyumbani alikujibu kwa asilimia, ukimuuliza chai imekolea sukari anasema sabini, na hata hospitalini, alipoulizwa na muuguzi maumivu yakoje leo, alisema arobaini, muuguzi akaandika hivyohivyo.

Lakini asilimia zake hazikuwa mzaha. Kila Januari, wakati walimu wengine wanagawa madawati, yeye alikaa na wanafunzi wapya mmoja mmoja kwenye kile chumba kidogo cha kuhifadhia ramani, akawauliza unaishi na nani, nyumbani mnaongea lugha gani, unatembea mwendo gani kuja shule, na asubuhi kabla ya kuja unafanya nini, na hilo swali la mwisho ndilo lililomfungua macho. Tangu mwaka 2010 yalipofunguliwa machimbo ya mawe, na familia nyingi zikahamia huku, nyingine zikitoka walikofukuzwa na maji, nyingine na vita, shule ilijaa watoto wa aina ambayo haikuwahi kuwaona, kijana wa miaka kumi na tisa yuko kidato cha pili, msichana amerudi shule na nyumbani ameacha mtoto ananyonya, watoto ambao Kiswahili wamekikuta hapa na Kiingereza cha vitabuni hawajakikuta kabisa, na wengi wao wakiponda kokoto na wazazi wao kabla jua halijachomoza. Walimu walisema hisabati haipandi kwa watoto wa machimbo, ni damu, basi Mama Asilimia akalinganisha alama zao za kipindi cha kwanza na za kipindi cha nne, akaona watoto walewale, mwalimu yuleyule, asubuhi wanapata nusu ya wanachopata baada ya mapumziko, kwa sababu asubuhi mikono bado inatetemeka kwa nyundo na tumbo halijaona kitu. Akahamisha hisabati yao ikawa kipindi cha nne. Mwalimu wa kemia, aliyenyang'anywa kipindi hicho, hakumsemesha hadi Pasaka, na leo ndiye aliyebeba jeneza upande wa kulia.

Sasa nalisema lile kosa. Mwezi Januari mwaka 2012 marehemu ndiye aliyeanzisha mkondo D. Kulikuwa na mikondo A, B na C, iliyochanganywa bila ubaguzi, yeye akawatoa humo watoto wote waliokuwa nyuma kwa sababu hizo nilizozitaja, akawaweka pamoja, ili siku ianze kwa saa nzima ya kusoma kwa sauti, hesabu zije baadaye, na kazi za nyumbani zifanyiwe shuleni kwa kuwa nyumbani hakuna taa, na akaweka mlango wa kutokea, kila Juni aliyefikisha arobaini na tano anarudi A, B au C. Ilikuwa kazi nzuri, nani atabisha, watoto waliingia D na wastani wa kumi na tisa, wakafika kidato cha nne na thelathini na nane, wakati wale wa A waliingia na sitini na moja wakatoka na sitini, na mwaka 2015 peke yake kumi na tisa kati ya watoto wa D walikwenda kidato cha tano, mmojawao ni yule dada muuguzi aliyekuwa akimfungulia mishipa mdogo wangu hospitalini, ambaye nitamshukuru mwishoni.

Hayo ndiyo bodi mliyoyaandika kwenye karatasi yenu, na mkaishia hapo, mkaruka hadi tuzo.

Mwezi Januari mwaka 2021 alikuja mkuu wa shule huyu tuliye naye, na mimi sitamsema vibaya mbele ya maiti, si mtu mwovu, ni mtu anayepimwa kwa orodha ya shule zote za mkoa, shule ikishuka anahamishwa yeye, na shule yetu ilikuwa ya arobaini na moja kati ya hamsini. Mwezi Februari mwaka huo mdogo wangu alilazwa kwa mara ya kwanza, na wakati amelazwa ndipo usajili wa mtihani wa taifa ulipofanyika, watoto wa D wa kidato cha nne wakaitwa, wakaambiwa watafanyia mtihani kule ng'ambo ya mto, kwenye kituo cha elimu ya watu wazima, kama watahiniwa wa kujitegemea, bila sare, bila namba ya shule. Aliporudi kazini alikuwa dhaifu, akapewa vipindi vichache, hakuambiwa, wiki za mtihani zikamkuta amelazwa tena, na watoto hawakumwambia kwa kuwa walidhani ni yeye aliyepanga, si ndiye mwenye mikondo.

Matokeo yalipotoka Januari mwaka 2022 shule ilikuwa ya sita. Zilichapwa fulana, wageni wakaalikwa, mdogo wangu akaitwa jukwaani akavishwa shada na kupewa cheti cha mwalimu bora wa taaluma wa mkoa, akakipokea kwa mikono miwili, akalia, na sisi ndugu zake tulikuwa pale tukipiga makofi. Jioni yake akakaa na matokeo, akahesabu watahiniwa mia moja na sitini na wawili, na yeye alikuwa amefundisha kidato cha nne chenye wanafunzi mia mbili na wanne. Akaenda asubuhi kwa mkuu wa shule akamuuliza wengine wako wapi, akajibiwa, "Mwalimu, wale ni D," kana kwamba ni jibu, na hapo ndipo alipojua.

Alikuja karakana kwangu siku hiyo, nilikuwa nachomelea fremu ya dirisha, akasimama mpaka nikazima mashine, akasema, "Kaka, mimi ndiye niliyewafunga fungu moja, wao wamekuja kubeba tu." Nikamwambia usijitwike mzigo usio wako, akasema ni wangu, kwa sababu wangekuwa wamechanganyika madarasani kusingekuwa na mkono wa kuwachomoa, ingebidi wachaguliwe mmoja mmoja kwa jina, na hakuna mwalimu ambaye angeweza kumtazama mtoto usoni na kumwambia wewe hatukuhesabu, lakini herufi moja ni rahisi, unaifuta kwa mara moja na wala hujaona uso wa mtu. Na kati ya wale arobaini na wawili, waliovuka mto kwenda kufanya mtihani walikuwa ishirini na wanne, waliobaki waliona huo ndio mwisho wao, wakaendelea na kokoto.

Tarehe 7 Machi mwaka 2022 alikirudisha cheti na cheo cha taaluma siku moja, akabaki mwalimu wa kawaida wa hisabati, na tangu hapo hadi kufa kwake alikuwa na dai moja tu, kwamba watoto wa D wafanye mtihani kwa namba ya shule yao. Alilisema kwenye kila kikao. Alibandika bango la manila kwenye ukuta wa chumba cha walimu, juu ya birika, likionesha kila mkondo umeingia na alama gani na umetoka na gani, likabanduliwa, akabandika jingine, likabanduliwa, la tatu akalibandika kwa ile gundi yangu ya madirisha, hilo liliondoka na rangi ya ukuta. Mkuu wa shule alimuuliza mbele ya wenzake, "Mwalimu, kwani unataka kutushusha?" naye akamjibu, "Sitaki kutushusha, nataka kutuhesabu." Mwenzake mmoja, kwa kumpenda, alimwambia, "Mama Asilimia, acha bwana, una figo mbili tu na zote zimechoka," akacheka mpaka akashika meza, lakini hakuacha.

Januari mwaka 2023 mikondo ya kidato cha tatu ilipopangwa upya, binti yake huyu kitinda mimba alipangwa A, kwa haki kabisa, alikuwa wa saba katika shule nzima, na mdogo wangu akaenda ofisini akaandika kwa mkono wake ahamishiwe D. Sisi tulimgombeza, mimi nilimwambia hiyo si haki kwa mtoto, unamfanya mwanao kafara, akasema nimemuuliza mwenyewe na amekubali, na kama D ni mahali pa kujifunzia basi panamfaa, na kama ni mahali pa kutupia watu basi na wa kwangu awemo, waone aibu. Hawakuona. Novemba mwaka jana wengine arobaini na mmoja walivushwa mto, na mdogo wangu, ambaye siku hiyo ilikuwa zamu yake ya kusafishwa damu, alimwomba mumewe wapite kwanza ng'ambo na gari la mikate, akasimama getini mwa kile kituo na kalamu za akiba, akampa kila aliyekuja kalamu na mkate, na mikate mingi ilirudi nyumbani.

Kuhusu ugonjwa, marehemu aligundulika na maradhi ya figo mwezi Februari mwaka 2021, na kuanzia tarehe 9 Agosti mwaka 2022 akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, katika hospitali ya rufaa, ambako alisahihisha madaftari kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umefungwa mirija, na wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wakimsaidia kujumlisha alama, mzee mmoja aliyekuwa dereva wa treni akawa hodari wa sehemu mpaka akaanza kumkosoa. Mwezi Januari mwaka huu miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, akalazwa tarehe 12 Februari. Jumapili tarehe 18 nilikaa naye mchana kutwa, akasema kidogo kidogo, "Kaka, wewe ndiye utakayesoma, usinirembarembe, sema D niliianzisha mimi," nikamwambia nyamaza upumzike, akasema, "Sema uone kama nitakosa wa kunizika." Siku ya Jumanne tarehe 20 Februari mwaka 2024, saa nne na nusu asubuhi, akiwa kwenye kitanda chake cha kusafishiwa damu, moyo wake ulisimama, madaktari walijitahidi, Mwenyezi Mungu akamchukua, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Tazameni mlivyojaa. Mdogo wangu, hukukosa wa kukuzika.

Alhamisi mchana, mwili ukiwa bado hospitalini, mwenyekiti wa bodi alikuja nyumbani na ile bahasha na ile karatasi iliyochapwa, akakaa vizuri, akatupa pole, kisha akasema kwa upole, na ninakiri alisema kwa upole, kwamba usajili wa mwaka huu unafungwa Jumatano, watoto thelathini na wanane wa D wataandikishwa ng'ambo kama kawaida, lakini mmoja wao, huyu binti wa marehemu, ana uwezo, atarudishwa A kimyakimya, ndiyo heshima ya shule kwa mama yake. Mimi nilikuwa nimeshasimama, lakini aliyejibu ni binti mwenyewe, aliyekuwa akipitisha maji kwa wageni, alisema, "Mjomba, kaa," nikakaa, kisha akamgeukia mwenyekiti akasema, "Shikamoo mzee, ahsante, mimi nipo D." Akaendelea kupitisha maji. Nimeishi miaka hamsini na sita na sijawahi kumjibu mtu namna hiyo, mimi ningetupa bilauri.

Marehemu ameacha mgane, watoto watatu, kaka mmoja, mdogo mmoja wa kike, na wanafunzi ambao yeye peke yake ndiye aliyewajua idadi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, na hasa yule dada muuguzi aliyetoka mkondo D, ambaye hakuwahi kukosa mshipa kwenye mkono ule uliokwisha kuwa mgumu kama kamba, na ambaye siku ya mwisho alimfumba macho mwalimu wake. Tunawashukuru majirani waliowasha tanuri na kuoka mikate ya wateja siku hizi nne ili shemeji yangu akae na msiba wake, wengine mikate yao imetoka kama matofali, lakini imetoka. Tunawashukuru walimu wenzake, mliombeba, na mliomnunia pia, maana na ninyi mmekuja, na mkuu wa shule tunakushukuru kwa kufunga shule leo asubuhi wanafunzi wapate kumuaga mama yao, hilo umelifanya bila kuombwa. Wagonjwa wa vitanda vya jirani, tunawaombea nafuu. Na ambaye sikumtaja asidhani amesahaulika, ni karatasi iliyoisha.

Mdogo wangu, umesimama ubaoni muda mrefu, keti sasa, upumzike kwa amani.

Na wewe mkuu wa shule, kabla hatujanyanyua jeneza, tunachokudai ni hiki, watoto thelathini na wanane wa mkondo D waandikishwe kwa namba ya shule yao, wote, kabla ya Jumatano.